Miaka 10 ya Nyongeza ni ya Nani? Uhakiki wa Hoja Kuhusu Afya ya Waadventista Wasabato

Kuna sentensi moja ambayo nimeisikia mimbarini, nimeisoma katika vijitabu vinavyouzwa kwenye makambi ya kila mwaka, na hata darasani humu nimeisikia kwa wenzangu wasio wa kanisa hilo: Waadventista Wasabato huishi miaka 10 zaidi kuliko watu wengine. Husemwa kwa uhakika uleule wa kusema kwamba Jinja iko kando ya Mto Nile. Katika makala haya nataka kuisoma sentensi hiyo kama tunavyofundishwa kusoma matini yoyote. Nani aliisema kwanza? Aliwazungumzia akina nani? Alilinganisha nini na nini? Ni kitu gani kilidondoka njiani kabla haijatufikia sisi Uganda? Mimi nimelelewa katika kanisa hilo na bado nimo, kwa hiyo siandiki ili kuliumbua. Naandika kwa sababu sentensi hiyo ikisemwa ovyo inaweza kumwumiza mtu, na mmoja wa walioumizwa nayo namfahamu.

Tuanze na asili yake. Kanisa la Waadventista Wasabato liliundwa rasmi Marekani mwezi Mei 1863. Mwezi uliofuata, katika kijiji cha Otsego, jimbo la Michigan, Ellen White, ambaye waumini humwona kuwa nabii, alisema ameonyeshwa maono kuhusu afya. Mafundisho yaliyotokana na hapo yanajulikana kwa kila mtoto wa Shule ya Sabato: kuacha pombe na tumbaku, kuacha nguruwe na nyama nyingine zilizoitwa najisi katika Mambo ya Walawi, ikiwezekana kuacha nyama kabisa, kuepuka chai na kahawa, kunywa maji, kupata hewa safi na jua, kufanya kazi kwa mikono, na kupumzika siku ya saba. Mwaka 1866 kanisa likafungua taasisi ya tiba mjini Battle Creek, ambayo baadaye iliongozwa na Daktari John Harvey Kellogg. Mikate ya mahindi iliyokaushwa, ile inayouzwa kwa maboksi katika maduka makubwa ya Kampala, ilitokana na jiko la hospitali hiyo. Mwaka 1905 kanisa lilinunua jengo katika mji mdogo wa Loma Linda, California, nalo likakua na kuwa hospitali na chuo kikuu cha udaktari. Loma Linda ndiko sentensi yetu ilikozaliwa.

Haikuzaliwa kutokana na mahubiri, bali kutokana na hesabu, na hilo ni jambo la kuheshimu. Mwaka 1958 watafiti walianza kuwafuatilia Waadventista wapatao 23,000 wa California ili kuona ni nini kinawaua. Mwaka 1974 ukaanza utafiti wa pili, wa watu zaidi ya 34,000. Wa tatu ulianza mwaka 2002 na kuwaandikisha watu wapatao 96,000 kutoka Marekani na Kanada, robo yao wakiwa weusi. Ni mara chache jumuiya ya kidini hukubali kuchunguzwa hivyo kwa zaidi ya nusu karne. Waumini walijaza madodoso marefu ya wanachokula, mara ngapi kwa wiki, kiasi gani, kisha wakafuatiliwa hadi wengine wao wakafa na vifo vyao vikaandikwa. Mtu anayesema kwamba tafiti hizi ni propaganda ya kanisa tu hajazisoma. Ni kweli chuo kilichozifanya ni cha kanisa, lakini sehemu kubwa ya fedha za utafiti wa tatu ilitoka katika taasisi za utafiti wa afya za serikali ya Marekani, na matokeo yake yamechapishwa katika majarida ya udaktari yasiyo ya kanisa.

Sasa namba yenyewe. Makala maarufu kuliko yote ni ya Gary Fraser na David Shavlik, iliyochapishwa mwaka 2001. Walipata kwamba mwanamume Mwadventista wa California aliyefika umri wa miaka 30 angetarajiwa kuishi miaka 7.28 zaidi ya mwanamume mwingine mweupe wa jimbo hilo, na mwanamke miaka 4.42 zaidi. Kwa wasiokula nyama, nyongeza ilikuwa miaka 9.5 kwa wanaume na 6.1 kwa wanawake. Je, ile 10 inatoka wapi? Inatoka katika hesabu nyingine ndani ya makala hiyohiyo. Waandishi waliwalinganisha Waadventista na Waadventista wenzao: wale wenye mazoea mazuri kwa pamoja (chakula, mazoezi, uzito wa mwili, kutowahi kuvuta sigara, na kwa wanawake matumizi ya homoni baada ya kukoma hedhi) dhidi ya wale wenye mazoea mabaya. Tofauti kati ya makundi hayo mawili ndiyo iliyofika hadi miaka 10.

Msomaji aone vizuri kilichotokea hapo. Namba iliyohusu tofauti kati ya ndugu walioketi benchi moja imegeuzwa kuwa namba inayohusu tofauti kati ya kanisa na ulimwengu. Yaani makala iliyokuwa ikituambia kwamba ushirika wa kanisa peke yake hautoshi, kwamba Msabato na Msabato wanaweza kutofautiana kwa miaka 10, sisi tumeifanya ituambie kwamba ushirika unatosha. Hata kichwa cha makala ile kilikuwa swali: kiliuliza kama miaka 10 ya maisha ni suala la uchaguzi wa mtu. Sisi tumefuta alama ya kuuliza.

Kama ningepewa nafasi ya kuihariri sentensi yetu, ningeiandika hivi: Waadventista weupe wa California waliofika miaka 30, katika miaka ya 1970 na 1980, walitarajiwa kuishi miaka 7 zaidi ikiwa ni wanaume, na miaka 4 na nusu ikiwa ni wanawake, kuliko majirani zao weupe. Ni sentensi ndefu na haikai vizuri kwenye fulana za mikutano ya vijana.

Utetezi utakuja hapa: sawa, si 10, ni 7, bado ni mingi. Ni kweli, ni mingi mno. Lakini tuulize imetoka wapi. Mwaka 1965 watu wazima zaidi ya 4 katika kila 10 nchini Marekani walikuwa wanavuta sigara. Jumuiya isiyovuta, ikiishi katikati ya taifa linalovuta kiasi hicho, lazima ionekane kama muujiza. Na kweli, mojawapo ya makala za kwanza kabisa kuhusu afya ya Waadventista, ya mwaka 1959, ilikuwa juu ya saratani na ugonjwa wa moyo, wakati ambapo madaktari bado walikuwa wakibishana kama sigara inaua. Waadventista walisaidia kuumaliza ubishi huo. Napenda kuwakumbusha waumini wenzangu jambo hili, kwa sababu kwa maoni yangu ni mchango mkubwa kuliko namba yoyote ya miaka: kukataa kwao sigara, kwa sababu za dini, kulitumika kumwonya mvutaji asiyekuwa na dini.

Lakini nyongeza inayotokana na kutovuta inategemea jirani anavuta kiasi gani. Hapa Uganda, wanaotumia tumbaku miongoni mwa watu wazima ni chini ya 1 kati ya 10. Msabato wa Kasese asiyevuta ana jirani Mkatoliki ambaye naye havuti. Sehemu hiyo ya faida haiwezi kusafirishwa, kwa sababu kila mtu hapa tayari anayo. Pombe ni habari nyingine. Katika nchi yenye waragi, tonto na malwa, nchi inayohesabiwa miongoni mwa zinazokunywa sana barani Afrika, familia isiyoleta pombe nyumbani imejiepusha na mengi: ini kuharibika, ajali za bodaboda usiku, ngumi, na ada za shule kuishia baa. Ningekuwa mhubiri wa afya katika wilaya zetu, ningeacha kunukuu California na kuzungumzia waragi mwezi mzima.

Jambo la pili ni nani amebaki ndani. Kanisa si kundi lililochaguliwa kwa kura. Mtu anayeshindwa kuacha pombe mara nyingi huondoka, au huondolewa, na kifo chake huhesabiwa upande wa pili. Na mtu aliye hoi kitandani haendi kanisani. Mwaka 1999 watafiti wengine wa Marekani walionyesha kwamba watu wanaohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki, wa dini mbalimbali, walikuwa na umri unaotarajiwa wa takriban miaka 7 zaidi ya wasiohudhuria kabisa. Miaka 7! Ni karibu sawa na ile ya wanaume wa Loma Linda, na ndani yake wamo walaji wa nguruwe na wanywaji wa kahawa. Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na kwamba wagonjwa hawahudhurii, na sehemu nyingine na mazoea ya kiafya na kuwa na watu wa kukushika mkono. Sisemi kwamba chakula cha Wasabato hakina kazi. Nasema kwamba anayempa ndizi na maharage sifa zote amemsahau shemasi anayepiga simu Jumapili kuuliza kwa nini jana hukuonekana.

Kwa bahati nzuri, watafiti wa Loma Linda walilijua tatizo hili, na utafiti wao wa tatu uliundwa hasa kulinganisha Waadventista kwa Waadventista. Hapo karibu hakuna anayevuta wala kunywa, wote wana shemasi, na karibu nusu yao wanakula nyama. Matokeo ya mwaka 2013, kwa watu zaidi ya 73,000, yalionyesha kwamba walaji wa vyakula vya mimea kwa jumla walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 12 wakilinganishwa na wala nyama. Kwa wanaume tofauti ilikuwa wazi. Kwa wanawake ilikuwa ndogo kiasi kwamba huenda ni bahati tu. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliowafuatilia walaji wa mimea kwa miaka mingi haukupata tofauti ya vifo vya jumla kati yao na wala nyama wenye mazoea yanayofanana. Na huko Norway, Waadventista waliojiunga na kanisa wakiwa vijana walionekana kunufaika zaidi ya waliojiunga wakubwa, jambo linalotuambia kwamba tunazungumzia mazoea ya maisha mazima. Hayo ndiyo matokeo ninayoyaamini: madogo, yenye mipaka, yanayopingana kidogo.

Mpaka hapa nimehakiki namba. Kinachonivutia zaidi, kama mwanafunzi wa Kiswahili, ni maneno.

Utafiti ule uliwagawa watu katika makundi matano: wasiokula chochote cha mnyama, wanaokula maziwa na mayai, wanaokula samaki, wanaokula nyama kwa nadra, na wanaokula nyama. Wahubiri wetu hutafsiri makundi manne ya kwanza kwa jina moja: wala mboga. Sasa mwulize mama yeyote wa Kiswahili, leo mboga ni nini? Anaweza kukujibu: samaki. Au: nyama. Mboga kwa wengi wetu ni kile kinacholiwa pamoja na ugali au ndizi, kile ambacho Waganda hukiita enva, na nyama ni mboga bora kuliko zote. Kwa hiyo tunapomhimiza mtu wa kijijini awe mla mboga, tunatumia neno ambalo kwake lina kitoweo ndani yake.

Hili si suala la kamusi tu. Mkulima wa Kasese ambaye hula nyama Krismasi na siku za harusi, na siku nyingine zote hula muhogo na maharage, akiulizwa atasema kwamba anakula nyama, na atasema kwa fahari. Mwadventista wa California ambaye ameacha nyama ana friji lenye maziwa ya soya yaliyoongezwa vitamini, tofu, lozi, matunda ya misimu yote, na vidonge vya vitamini B12. Yupi kati yao ni mla mimea? Kwa matendo, mkulima anamshinda. Lakini mmoja ameacha nyama kwa kuchagua na mwingine ameachwa na nyama. Mtoto wa mkulima akidumaa kwa kukosa protini, hatuwezi kumpongeza baba yake kwa kufuata ujumbe wa afya. Mahubiri ya kuacha nyama yaliandikwa kwa ajili ya watu walioshiba nyama, na yanapohubiriwa kwa wasioshiba yanahitaji maneno mengine. Katika nyumba ambayo hupata mayai sita kwa mwezi, sipendi kumsikia mtu akiyahubiri mayai vibaya.

Hata kwa walioshiba kuna tahadhari. Ndani ya utafiti huohuo wa Waadventista, wanawake wasiokula chochote cha mnyama na wasiotumia nyongeza ya kalsiamu na vitamini D walivunjika nyonga zaidi ya wala nyama. Waliotumia nyongeza hizo hawakuwa na tatizo hilo. Sijawahi kuliona jambo hili katika kijitabu chochote cha kambi.

Tuje kwenye karanga. Mwaka 1992 watafiti wa Loma Linda walitangaza kwamba waliokula jamii ya karanga na lozi zaidi ya mara nne kwa wiki walipata shambulio la moyo kwa kiasi cha nusu hivi ya wale waliozila chini ya mara moja kwa wiki. Ni mojawapo ya matokeo mazuri zaidi ya tafiti hizi, na tafiti za watu wasio Waadventista zimeyaunga mkono. Na karibu theluthi moja ya walichokula ilikuwa karanga za kawaida kabisa, za udongoni, kama zetu. Kwa hiyo tunayo habari njema isiyohitaji duka kubwa. Lakini karanga ya California hupimwa kabla ya kuuzwa. Ya kwetu inaweza kuwa imeanikwa chini wakati wa mvua, ikawekwa kwenye gunia lenye unyevu, ikaota ukungu na kutoa sumukuvu, sumu inayosababisha saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye homa ya ini aina ya B. Mchuzi wa karanga zilizosagwa ni chakula chetu cha kila siku, na karanga iliyosagwa haionyeshi ukungu wake. Anayehubiri karanga bila kuhubiri turubai la kuanikia na ghala kavu amehubiri nusu.

Kahawa nitaipita haraka. Nawajua wakulima Wasabato wa mlima Elgon wanaovuna arabika bora, kuiuza, na kutoionja maisha yao yote. Ni uaminifu wa kupendeza. Ila kiafya, tafiti nyingi kubwa hazijaonyesha kwamba wanywaji wa kiasi hufa mapema. Mara nyingine ni kinyume kidogo. Mtu anaweza kuiacha kwa imani, lakini asiiache kwa kudanganywa kuwa ni sumu.

Nguruwe anastahili nafasi zaidi, kwa sababu hapo ndipo hoja ya afya hutamkwa kwa ushindi. Kitimoto, au mbuzi katoliki kama wanavyotania wengine, ana minyoo tegu. Minyoo huingia kwenye ubongo na kuleta kifafa. Mungu alijua tangu zamani. Aliyeshika Walawi amesalimika. Sehemu ya kwanza ni kweli: mabuu ya tegu ya nguruwe katika ubongo ni mojawapo ya visababishi vikuu vya kifafa katika nchi kama yetu. Kosa liko katika hitimisho. Anayekula nguruwe asiyeiva vizuri hupata mnyoo tumboni. Mabuu ya ubongoni hutoka kwenye mayai ya mnyoo huo, ambayo hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye mnyoo na kumfikia mwingine kupitia mikono, maji, au sukumawiki isiyooshwa. Kwa hiyo mtu ambaye hajagusa nguruwe tangu azaliwe anaweza kupata kifafa kwa sababu jirani hana choo. Mwaka 1992 madaktari waliripoti jambo hilihili katika jumuiya ya Wayahudi wa Orthodox mjini New York, watu wasiokula nguruwe kwa sheria kali kuliko yetu. Chanzo kilichodhaniwa kilikuwa wafanyakazi wa nyumbani waliotoka nchi zenye ugonjwa huo, ambao walikuwa na tegu bila kujua.

Mfano huo naupenda kwa sababu unavunja dhana iliyo chini ya sentensi yetu yote, dhana kwamba afya ya jumuiya ni jumla ya uchaguzi wa waumini wake, kana kwamba kanisa lina ukuta. Mbu hana dini. Kipindupindu hakiulizi kadi ya ushirika. Msabato wa Kampala anavuta moshi uleule wa magari na takataka zinazochomwa kama Mwislamu na Mpentekoste walio naye ndani ya matatu. Hata pumziko la Sabato, ambalo kwangu ni zawadi bora ya kanisa hili, halina uzito mmoja kila mahali. Kwa mwenye ajira ya Marekani, Jumamosi ni siku ya mapumziko tayari. Kwa mchuuzi wa soko ambaye Jumamosi ndiyo siku ya mauzo, pumziko hilo lina gharama. Kwa mwanafunzi pia: wanafunzi Wasabato walikishtaki Chuo Kikuu cha Makerere kuhusu masomo na mitihani ya Jumamosi, na Mahakama ya Juu ikaitupa rufaa yao mwaka 2006. Pumziko linalogharimu mtihani ni tendo la ujasiri, lakini sidhani kama linashusha shinikizo la damu.

Nilisema kwamba namfahamu mtu aliyeumizwa. Ni shangazi yangu. Hakula nyama kwa zaidi ya miaka 20. Hakuwahi kuonja pombe. Alipoambiwa katika zahanati kwamba ana kisukari, hakumwambia mtu yeyote kanisani kwa karibu mwaka mzima. Vidonge alivificha ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga, juu ya kabati. Hakuna aliyemlaumu, kwa sababu hakuna aliyejua, alijilaumu mwenyewe. Nilipomwuliza kwa nini anaficha, alinijibu kwa swali: “Watauliza nimekula nini, mwanangu. Nami nitawajibu nini?” Alikuwa amekula ndizi, chapati, mkate mweupe, na soda baada ya ibada, vyote safi kwa mujibu wa Walawi. Zaidi ya hapo, baba yake naye alikuwa na sukari.

Kama angeisoma takwimu yenyewe badala ya kuisikia, angepata faraja. Katika utafiti wa Waadventista wa Amerika ya Kaskazini, kati ya wala nyama karibu 8 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Kati ya wasiokula chochote cha mnyama, karibu 3. Tofauti ni kubwa na ni habari njema. Lakini 3 hao wapo. Ni waaminifu, wamefuata yote, na wanaumwa. Wastani huzungumzia kundi. Haumwahidi mtu mmoja kitu. Mhubiri akiugeuza wastani kuwa ahadi, basi kila mgonjwa benchini amekuwa ama mwongo ama mvunja agano. Ayubu aliambiwa maneno kama hayo na marafiki zake watatu, wala hawakuwa na takwimu.

Siwezi kumaliza bila kukitaja kitabu kilichoieneza sentensi hii nje ya kanisa. Ni The Blue Zones cha Dan Buettner, kilichotoka mwaka 2008 baada ya makala yake katika jarida la National Geographic mwaka 2005, na kufuatiwa na filamu za mfululizo mwaka 2023. Jina hilo lilitokana na watafiti wawili, Gianni Pes na Michel Poulain, waliozungushia wino wa buluu vijiji vya Sardinia vyenye wazee wengi. Buettner aliiweka Loma Linda pamoja na Sardinia, Okinawa, Nicoya na Ikaria. Karibuni kitabu kimeshambuliwa na mtafiti Saul Newman, aliyedai kwamba rekodi za wazee wa miaka zaidi ya 100 katika sehemu nyingi zimejaa makosa na udanganyifu wa pensheni. Kazi hiyo ilimpa tuzo ya utani ya Ig Nobel mwaka 2024. Kwa haki, shambulio hilo haliigusi sana Loma Linda, kwa sababu hoja ya Waadventista haitegemei vikongwe wa miaka 110 bali vifo vya watu wa kawaida waliofuatiliwa mmoja mmoja. Lakini msomaji ajue pia kwamba mwaka 2020 kampuni yenye jina la Blue Zones ilinunuliwa na Adventist Health, mtandao wa hospitali za kanisa huko Marekani. Hilo halifanyi namba ziwe za uongo, ila linafanya iwe vizuri kuzisoma na kalamu mkononi.

Lawama yangu kwa kitabu ni nyingine. Loma Linda ya Buettner ni mji wa wazee wanaotembea asubuhi, wanaokula lozi, wanaojitolea na kusali. Wazee hao wapo na wanapendeza. Lakini katika mji huohuo, mwaka 1984, Daktari Leonard Bailey, naye Mwadventista, alimpandikiza mtoto mchanga moyo wa nyani, upasuaji uliotikisa dunia. Mwaka 1990 hospitali hiyohiyo ilifungua kituo cha kutibu saratani kwa miale ya protoni, cha kwanza nchini Marekani kuwekwa ndani ya hospitali. Watu waliohesabiwa katika sentensi yetu wanaishi nchi ambamo shinikizo la damu hupimwa kila mtu anapomwona daktari, na wengi wa wazee wana bima. Wanapougua hawajiulizi wamekula nini tu. Huenda kulala hospitalini, huchomwa sindano, humeza dawa waziwazi, na Sabato inayofuata hurudi kanisani kutoa ushuhuda. Sehemu hiyo ya mtindo wao wa maisha haijafika kwenye vijitabu vya makambini kwetu, na ndiyo ambayo shangazi yangu angeihitaji kwanza.